Mshale Kwenye Kumi na Mbili

Kitabu cha fizikia tunachokitumia shuleni kwetu kina tabia moja inayoniudhi: namba zake hugawanyika vizuri mno. Volti kumi na mbili kwa ampea tatu, omu nne. Mwanafunzi hupata jibu kabla hajalifikiri swali. Ndiyo maana asubuhi ile niliingia darasani na daftari la Mama.

Mama alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, kwenye chumba cha kukaushia mashuka. Kila siku saa nne, juu ya kazi yake ya kutundika na kukunja, alisoma mita mbili zilizokuwa ukutani nje ya chumba hicho na kuandika alichokiona: volti safu ya kushoto, ampea safu ya kulia. Aliyemwagiza ni kaka yake, yaani Mjomba, fundi wa umeme wa kiwanda kile kwa miaka ishirini na sita, ambaye wafanyakazi walimwita Plaizi kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila koleo mfukoni. Daftari lilipojaa, Mama alinikabidhi. Alisema kwangu huenda likawa mali, kwao lilikuwa karatasi tu.

Niliandika ubaoni mistari kumi, iliyochukuliwa hapa na pale katika miezi minane. Nikawakumbusha wanafunzi mambo mawili: ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani wa koili inayokipasha joto chumba kile, yaani jinsi waya wake unavyoubana umeme, ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu, yaani wati za joto zinazotoka. Kisha nikawaambia kwamba koili ni ile ile moja, kwa hiyo mistari yote kumi itatoa ukinzani karibu sawa. Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu ambaye hajaifanya hesabu mwenyewe.

Mistari mitatu ya kwanza ilinitii. Volti 240 kwa ampea 12, volti 228 kwa 11.4, volti 216 kwa 10.8: yote omu ishirini. Mstari wa nne ulikuwa wa siku moja baada ya ule wa tatu. Volti zilikuwa zile zile 216, lakini ampea zilikuwa zimerudi 12, na jibu likawa omu kumi na nane. Yakafuata majibu mengine mawili ya kumi na nane, kisha matatu ya kumi na tano. Mstari wa mwisho, wa Ijumaa iliyopita, ulisema volti 150 kwa ampea 12. Omu kumi na mbili na nusu.

Mmoja akasema koili hii inaumwa. Jirani yake akamjibu kwamba haiumwi, imefunga tu, inapunguza unene. Darasa likacheka, nami nikacheka nao, mpaka binti mmoja mpole wa kiti cha dirishani aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, haikondi," alisema. "Inakatwa. Angalia. Ampea zikishuka karibu na kumi, kesho yake ziko kumi na mbili. Kuna mtu anaifupisha."

Nilimjua mtu huyo. Transfoma ya mtaa ule ilikuwa imechoka, na kwa miezi minane volti zilikuwa zikipungua kama maji ya mtungi wenye ufa. Volti zikipungua ampea nazo hupungua, joto hushuka, na mashuka hubaki mabichi. Mjomba alikuwa amepaka doa la rangi nyekundu kwenye kioo cha mita ya ampea, penye kumi na mbili, kwa sababu hapo ndipo mshale ulipokaa siku koili ilipokuwa mpya. Kila mshale ulipoliacha doa, alizima umeme, akakata kipande cha koili, akauvuta waya uliobaki na kuufunga upya. Waya mfupi hubana umeme kidogo, hivyo mshale ulirudi penye doa, na mashuka yakakauka. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye akili. Sitaki msomaji amdharau.

Lakini asubuhi ile ile, tukinywa chai, Mama alikuwa ameniambia kwamba kampuni ya umeme inabadilisha transfoma leo. Umeme ungekatwa saa mbili, ungerudi saa nne, na ungekuwa umeme wa kweli, kama wa zamani.

Nikageukia ubao, nikaandika pembeni. Volti 240 gawanya kwa 12.5: ampea 19.2. Zidisha tena kwa 240: wati 4,608. Koili nzima, siku ilipotoka dukani, haikupita wati 2,880, na hii ilikuwa imebaki sehemu tano tu kati ya nane za urefu wake. Kila shubiri ya waya ule ingebeba joto zaidi ya mara mbili na nusu ya lile uliloumbiwa. Kebo inayoupelekea umeme, Mjomba mwenyewe aliwahi kuniambia, ilikuwa ya ampea kumi na tano. Nyuma ya wavu wa koili kulikuwa na manyoya ya pamba yanayodondoka kutoka kwenye mashuka, laini na makavu. Na mlango wa chumba kile, kwa kuwa fremu yake ilikuwa imepinda na haukukubali kujifunga, ulifungwa kwa komeo la nje. Aliyekuwa ndani aligonga ukutani kwa kibanio cha nguo, naye aliyekuwa nje akamfungulia.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na mbili. Nilimwachia kiranja darasa, nikatoka.

Simu ya Mama haikupokelewa, na nilijua haitapokelewa. Wafanyakazi waliacha simu zao kwa mlinzi. Nikampigia Mjomba huku nikitembea mvuani. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye ampea kumi na tisa. Hapo akaguna. Aliniuliza kama nimepata kifungua kinywa. Akasema koili ile anaijua kuliko watoto wake, kwamba transfoma mpya ni neema tuliyoingoja muda mrefu, na kwamba swichi ya chumba ameiacha imewashwa makusudi ili umeme ukirudi tu kazi iendelee, kwa sababu hospitali inangoja mashuka ya chumba cha upasuaji kabla ya saa saba.

"Mpwa wangu, volti ni za kampuni, ampea ni za koili," alisema. "Koili hii ni ya kumi na mbili. Imekuwa ya kumi na mbili tangu nilipoifunga. Rudi kwa watoto wa watu, utawapotezea kipindi."

Akakata simu. Nilipompigia tena iliita mpaka ikachoka.

Kutoka shuleni hadi kiwandani ni mwendo wa robo saa kwa mtu asiye na haraka. Nilikwenda kwa dakika tisa, viatu vimejaa maji, na njia nzima nilikuwa nikirudia hesabu nikitafuta kosa. Nilitamani sana kukosea. Labda Mama alisoma vibaya. Labda Ijumaa mita ilikwama. Lakini mistari kumi haiwezi kukosea kwa mpangilio mzuri namna ile.

Mlinzi wa getini alinijua tangu nikiwa mtoto, na kwa sababu hiyo hiyo hakuona haja ya kuharakisha. Alinisukumia kitabu cha wageni. Akataka jina, nitokako, ninayemwona, saa ya kuingia. Nilipoacha nafasi ya saa wazi alinirudishia kalamu, akasema Mwalimu mzima anaacha swali bila kulijibu, je, wanafunzi wake? Nikaandika saa tatu na dakika thelathini na tano. Alikuwa bado anacheka nilipompita.

Ndani mlikuwa na kimya kisicho cha kawaida. Mashine za kufulia zilikuwa zimesimama, matumbo yao ya kioo yamejaa nguo zilizolala majini. Wanawake wa pasi walikuwa wamekaa kwenye vikapu vilivyopinduliwa, wakipiga soga kwa sauti za chini. Mwanga ulitoka kwenye madirisha ya juu tu. Mjomba alikuwa kwenye ukumbi wa chumba cha kukaushia, mbele ya sanduku la chuma lenye mita usoni na swichi ndani, mikono nyuma, kama bwana harusi anayengoja wakwe. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Funguo zilining'inia kiunoni kwake pamoja na nyingine zisizopungua ishirini.

Hakunikasirikia. Hilo lilinitia hofu zaidi. Aliniambia nivue viatu nisije nikateleza.

Nilimwomba azime swichi ile moja tu. Akasema meneja ameagiza isizimwe. Nilimwomba basi amtoe Mama kwanza. Akasema Mama yuko kazini, hayuko darasani kwangu, na mlango ukifunguliwa hovyo joto lililobaki la asubuhi litapotea. Wanawake wa pasi walikuwa wameacha soga, wakitusikiliza. Mmoja aliuliza kwa kunong'ona, ila kwa kunong'ona kule kunakokusudiwa kusikika, kama siku hizi yai ndilo linalomfundisha kuku kuatamia. Mjomba alisikia, mdomo ukacheza kidogo.

Nikaenda mlangoni, nikavuta komeo.

Chumba kilikuwa na vuguvugu na harufu ya sabuni. Mama alikuwa mwisho kabisa, nyuma ya mistari sita ya mashuka ya kijani, akitundika wa saba, vibanio vimejaa kinywani. Nilimwita. Alivitema mkononi, akaniuliza nani kafa. Nilipomwambia atoke, aliniuliza kama ni kaka yake aliyesema. Nikasema hapana, ni mimi.

"Basi funga mlango, mwanangu. Nimebakiza mistari miwili. Kuna watu wanangoja kupasuliwa."

Nilisimama pale, mkono mmoja kwenye mlango. Nilikuwa na shahada ya fizikia, na nilikuwa na jibu sahihi, lakini katika jengo lile jibu langu halikuwa na uzito wa kibanio cha nguo. Mama alimwamini kaka yake kwa sababu kaka yake ndiye aliyeacha shule ili yeye amalize, na mimi pia nilikula jasho la mkono ule. Kumpinga Mjomba mbele za watu hakukuwa jambo dogo kwangu. Mlango niliuacha wazi. Nikarudi ukumbini.

Wakati huo saa yangu ilisema saa tatu na dakika arobaini na sita.

Nilikwisha kuelewa kwamba hesabu yangu haingemgusa, kwa kuwa ilikuwa yangu. Yeye hakuwahi kugawanya volti kwa ampea maishani mwake. Aliutazama mshale, basi. Nikaona ni heri niende kwa njia ya mshale.

"Mjomba," nilisema, "ule mwezi volti zilipofika mia na themanini, kabla hujaikata koili tena. Mshale ulikuwa wapi?"

Hakufikiri hata kidogo. "Kumi. Mashuka yalinuka uvundo wiki nzima."

"Uliugusa waya?"

"Bado. Niliugusa Jumatatu yake."

"Kwa hiyo koili ilikuwa ile ile, haijaguswa, ya kumi na mbili. Nani aliushusha mshale?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. "Umeme ulipungua."

"Koili ile ile, umeme ukapungua, mshale ukashuka," nilisema. "Leo koili ni ile ile ya jana, na umeme unaongezeka. Nani ataushika mshale usipande?"

Macho yake yaliliendea doa jekundu kwenye kioo, yakakaa hapo. Baadaye nimewahi kujiuliza aliona nini katika dakika ile, na ninadhani aliona vipande vyote vya waya alivyovikata, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja alikuwa amekikata kwa mkono wa uhakika. Wanawake wa pasi hawakuelewa maneno yetu, ila waliuelewa uso wake, maana mmoja wao alisimama.

"Fyuzi itakatika," alisema hatimaye, lakini kwa sauti ya mtu anayejiuliza.

"Fyuzi gani umeweka?"

Sote wawili tulijua jibu. Fyuzi zilikuwa zikiadimika, naye alikuwa amefunga waya wa shaba mahali pake, nyuzi tatu zilizosokotwa, ambazo zingeweza kubeba ampea arobaini bila kutoa jasho.

"Mtoe mama yako," alisema. Mkono wake ukaenda kiunoni.

Taa ziliwaka hapo hapo. Hakuna aliyetuonya, kampuni iliyochelewa miezi minane ilikuwa imewahi kwa dakika kumi na moja. Mashine za kufulia zikaunguruma zote kwa pamoja, wanawake wakapiga vigelegele, na mita ya volti ikaruka mpaka 240. Mshale wa ampea ukapita doa jekundu bila kusimama. Ukapita kumi na tano. Ukatikisika, ukatulia kidogo tu juu ya kumi na tisa.

Mjomba alijaribu ufunguo wa kwanza, haukuwa wenyewe. Akajaribu wa pili. Sikungoja wa tatu.

Chumbani koili ilikuwa imeshapita rangi nyekundu niliyoijua. Ilikuwa ya machungwa, na nilipokuwa nikipita kati ya mashuka ikageuka njano, ikang'aa nyuma ya wavu kiasi kwamba kila shuka lilionekana lina kivuli cha mwenzake. Harufu ya sabuni ilikuwa imekwisha. Palikuwa na harufu ya nywele zinazoungua. Mama alikuwa ameganda, shuka limelowa mikononi, akiangalia ule mwanga kwa mshangao zaidi ya woga. Ndipo manyoya ya pamba chini ya wavu yalipowaka. Hayakuwaka kwa kishindo. Mstari mdogo wa moto ulikimbia sakafuni kutoka pembe hadi pembe, kati yetu na mlango, ukaanza kuyapanda mashuka makavu ya mstari wa kwanza.

"Shuka lako," nilisema. "Jifunike."

Tulijifunika sote wawili lile shuka bichi, baridi yake ikanishika shingoni, tukapita. Hatua tano au sita. Nilisikia kitu kikipasuka nyuma ya ukuta, chuma juu ya chuma, mara mbili. Kisha mngurumo wa mashine ukakatika na taa zikazimika, na nyuma yetu ule mwanga wa njano ukashuka polepole kuwa mwekundu, halafu kahawia.

Mjomba alikuwa ameachana na funguo. Alikuwa amelivunja kufuli kwa koleo na kuvuta swichi kuu ya jengo zima. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba. Kebo ilikuwa imeshayeyusha ngozi yake ya plastiki ndani ya sanduku, na matone yalikuwa yamemwangukia. Hakuuangalia. Alimwangalia dada yake kuanzia nywele hadi miguu, kisha akaingia chumbani na wanawake wa pasi, wakiwa na vikapu vya nguo mbichi, wakauzima moto kwa kuutupia mashuka. Mashuka kumi na manne yaliungua. Hakuna mtu aliyeungua ila yeye.

Meneja alikuja akikimbia, tai begani. Aliuliza ni nini, na kabla hajajibiwa alikuwa amekwisha kuanza kulaani transfoma mpya. Mmoja wa wanawake wa pasi aliafiki; akasema umeme huu wa ghafla ungeweza kuunguza hata kanisa. Ulikuwa uongo wa huruma, na ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi kwa Mjomba. Angeweza kuupita. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza.

"Siyo transfoma, bwana mkubwa," Mjomba alisema. "Ni mimi. Twende ofisini nikakueleze, na kijana wako wa kuandika aje na karatasi."

Walikwenda. Mlango wa ofisi ukafungwa. Mama na mimi tulikaa kwenye benchi la ukumbi, tukitoa maji kama nguo zilizotoka kusuuzwa. Mtu alikuwa amekwisha kuipigia hospitali simu. Waliazima mashuka kwingine, na upasuaji ulisogezwa hadi alasiri. Mama alilisikia hilo, akaitikia kwa kichwa. Kisha aliniuliza, bila kunitazama, kama ni daftari lile lililoniambia.

Nikamwambia ndilo.

"Siku nyingine nilikuwa sisomi," alisema. "Mikono imejaa, saa nne imefika, naandika ya jana. Si siku nyingi. Lakini zipo." Akakunja pindo la gauni lake, akalikamua. "Je, kama hesabu yako ungeifanya kwa siku hizo?"

Nikamshika mkono.

Mjomba alitoka baada ya nusu saa. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa cha ofisini, na kiuno chake kilikuwa kitupu. Funguo zilikuwa zimebaki ndani. Alisimama mbele yetu. Wanawake wa pasi waliinamia vikapu vyao, wakajitia kuhesabu mito.

"Nimewaambia vyote," alisema. "Tangu kipande cha kwanza. Wamesema ningoje barua." Akamgeukia dada yake. "Nilikufungia mle ndani mwenyewe. Mpwa amenipigia simu, nikamcheka, halafu nikakufungia."

Mama hakumwambia kwamba yamekwisha, wala kwamba ni bahati mbaya. Alimtazama mpaka macho yake mwenyewe yakajaa.

"Ulinifungia, kaka," alisema.

"Nilikufungia."

Nje mvua ilikuwa ikiendelea, na kule uani mtu aliuliza kwa sauti kama kuna anayejua umeme utawashwa saa ngapi. Mama alijifuta uso kwa kiganja, akasogea upande wangu, pakapatikana nafasi mwisho wa benchi. Mjomba aliitazama ile nafasi kitambo, kisha akaketi.